Kadi ya Mwisho ya Dakta Nizar

Sura ya Sita

Uji ulikuwa ndani ya maikrowevu, bakuli limefunikwa kwa kisahani. Juu ulikuwa umeshika utando, na hapakuwa na alama ya kijiko.

Inspekta Ummukulthum Jaffar aliutazama, kisha akaisoma tena karatasi iliyotumwa na wakala wa wahudumu wa wazee. *Saa mbili na nusu, sindano ya sukari. Saa mbili na dakika hamsini, amekula uji wote. Mchangamfu.* Chini yake kulikuwa na jina la mhudumu: Sidonie.

"Sajini," aliita, "hebu njoo unionyeshe uji ulioliwa wote."

Sajini Griffins alichungulia, akakuna kidevu. Alikuwa mtu wa Kisumu, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na tangu saa sita mchana alikuwa hajakaa chini.

"Pengine walipika mara mbili, madam."

"Sufuria ni moja, na pakiti ya shayiri imefunguliwa leo. Imetoka kikombe kimoja tu." Kulthum alivua glavu. "Nesi wa kliniki umempata?"

"Nimempata. Anasema hiyo insulini ni ya kuchanganya. Ukidungwa na usile, kufikia saa sita sukari imeanza kuanguka. Unatoka jasho, unachanganyikiwa, unaongea kama mlevi. Halafu unalala." Griffins alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro robo. "Hiyo *halafu* hakutaka kuiendeleza."

Wala Kulthum hakutaka kuisikia. Dakta Nizar Virani alikuwa na miaka sabini na tisa. Alizaliwa Mwanza, akaja London kusoma, akabaki kufundisha lugha za kale za Wajerumani na jamaa zao kwa miaka arobaini, na sasa aliishi peke yake katika nyumba hii ya Tooting, nyuma ya maduka ya sari na ya vitamutamu. Binti yake alikuja na chakula saa sita akakuta mlango umerudishwa tu. Simu ya baba ilikuwa kwenye chaji. Koti lake zito lilikuwa kwenye msumari, na ndani ya mfuko wa koti hilo mlikuwa na vidonge vya glukosi ambavyo hakupaswa kutoka bila kuwa navyo. Nje ilikuwa Januari, baridi ya kukata masikio.

Kama alikuwa amekula, ni mzee aliyetoka kutembea akachelewa. Kama hakula, alikuwa anakufa mahali fulani katika mji wa watu milioni tisa. Uji ule ulikuwa umetoa jibu.

"Bustani zimesemaje?" aliuliza.

Griffins alichangamka. Ni mtu mzuri, Griffins, ila wazo likishamwingia hulishika kama kupe. Juu ya meza ya Dakta alikuwa amekuta kadi tano zimepangwa safu, kila moja na neno lililoandikwa kwa wino mweusi, na tangu hapo alikuwa ameamini kwamba kadi ndizo ramani.

"Askari sita wako kwenye viwanja vya mboga, wanne kule uwanda wa Tooting. Ona hii ya juu, madam. Kiholanzi, *tuin*. Maana yake bustani. Na msemaji ameandikwa mama Mholanzi mwenye kiwanja cha mboga hapa hapa, mtaa wa tatu."

"Na hizi nyingine?"

"Ni neno hilo hilo, ndugu wa baba mmoja, mama tofauti. Waingereza wanasema *town*, wao ni mji. Wajerumani *Zaun*, huo ni uzio. Iceland ni *tún*, uwanja wa majani kando ya nyumba. Wanorwei *tun*, pale katikati ya majumba ya shamba. Binti yake amenieleza. Ati zamani lilikuwa uzio tu, halafu kila mtu akakipa jina hilo kile alichokizungushia uzio. Mmoja alizungushia maua, mwingine nyasi, Mwingereza akazungushia watu."

Kulthum alikaribia kutabasamu. Kwao Mombasa ua ni makuti yaliyosimamishwa, na ua ni pale nyuma wanapopikia akina mama. Hakuna aliyewahi kuona ajabu. Lakini mzee huyu alikuwa ameitolea ajabu hiyo miaka ya uhai wake. Kando ya meza palikuwa na sanduku refu la mbao, na ndani yake kadi zimesimama zikiwa zimebanana.

Alilivuta sanduku, akafunua kifuniko. Upande wa ndani palikuwa na karatasi iliyopigwa taipu zamani, kwa Kiingereza cha mwalimu mkali. Alimsomea Griffins kwa Kiswahili. Mwenye sanduku aliagiza kwamba neno lisichukuliwe kitabuni bali mdomoni mwa mtu. Kwamba jina la msemaji, kwao na saa aliyosema viandikwe hapo hapo. Kwamba mkusanyaji aende akaone kwa macho kitu chenyewe kinachoitwa hivyo, akipige picha. Na kwamba kadi iwekewe alama nyekundu baada ya hapo tu. *Neno ambalo hukwenda kuliona ni uvumi.*

"Angalia kadi yako ya bustani," alisema.

Griffins aliigeuza. Nyuma palibandikwa picha ya kitalu cha maua, na kwenye pembe kulikuwa na alama nyekundu.

"Ameshamaliza nayo, Sajini. Ya Mjerumani je?"

Picha ya uzio wa vijiti, alama nyekundu. Ya Iceland, picha na alama. Zote tano zilikuwa zimefungwa zamani. Griffins alizitua mezani polepole, na masikio yake yakapata moto. Kwa zaidi ya saa nzima askari kumi walikuwa wakichungulia vibanda vya majembe.

Kulthum hakumsuta. Muda wa kusutana haukuwepo. Alianza kuvuta kadi kutoka nyuma ya sanduku, moja moja, akitazama pembe tu. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Mzee hakukusanya za Wazungu peke yao. Kumbe alikuwa akitafuta maneno yaliyokwenda mwendo ule ule kila mahali, na kila aliyeingia mlangoni pake aliulizwa kwao wanauitaje uzio na wanapaitaje ndani yake. Alikuwepo fundi wa bomba wa Kipolandi. Alikuwepo mleta barua. Namba mia moja tisini na nane alikuwemo Sidonie mwenyewe, mwezi wa kumi, alama nyekundu.

"Hakuna iliyobaki wazi," Griffins alisema.

"Ya leo haijaingia sandukuni, basi. Iko wapi kalamu yake?"

Kalamu ilikuwa dirishani, kando ya kikombe cha chai kilichopoa, na chini ya kikombe kulikuwa na kadi. Mzee alikuwa ameiwekea uzito isipeperuke. Mwandiko ulikuwa wa haraka kuliko ile mingine.

*Lupango. Kiswahili cha Kongo. Uzio; tena kiwanja kilichomo. Msemaji K., Bukavu. Saa tatu kasoro dakika ishirini, leo.*

Pembe ilikuwa tupu. Hapakuwa na picha. Kulthum aligeuka akatazama kulabu iliyo nyuma ya mlango. Mfuko wa kamera ulining'inia pale, kamera haimo.

"Amekwenda kuuona," alisema, na sauti yake ikamtoka nyembamba. "Amesikia neno jipya, amesahau kula, amekwenda kuliona. Mlete Sidonie."

Sidonie alikuwa sebuleni na askari wa kike tangu saa saba. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, amesuka vizuri, sare ya wakala imepigwa pasi. Aliingia jikoni akatulia karibu na jokofu kama anayeomba limfiche.

"Kaa, mama Sidonie. Leo asubuhi ulifika saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika tano. Iko mu telefoni."

"Ukamdunga sindano."

"Nilimudunga. Mimi nilifundishwa, niko na karatasi."

"Akala?"

"Alikula yote."

"Alivaa nini?"

Sidonie alimeza mate. "Ile pull yake ya bluu."

Sweta la bluu lilikuwa mgongoni mwa kiti alichokalia.  Sidonie alifuata macho ya Kulthum, akaligusa sweta kwa kidole, akauondoa mkono upesi.

"Pengine alibadilisha," alisema.

Kulthum alikifungua kimlango cha maikrowevu, akalitoa bakuli, akaliweka mezani katikati yao. Sidonie alipoona ule utando wa uji mdomo wake ulifunguka, na Kulthum akajua kwamba hofu ile haikuwa ya kujiokoa. Ilikuwa hofu ya mtu anayejua insulini hufanya nini.

"*Bui* yote iko hapa," Sidonie alinong'ona. "Mungu wangu. Hakukula."

"Ndiyo mara yako ya kwanza kujua?"

Sidonie alilisukuma bakuli mbali naye.

"Leo Dakta ameandika neno. Ameandika saa, ameandika na herufi ya aliyemwambia. Neno lako wewe lilikwisha wekewa alama tangu mwezi wa kumi. K. ni nani?"

Machozi yalimtoka Sidonie bila yeye kuyafuta. Kwa haki ilimpasa Kulthum asimame, amsomee onyo, amtafutie wakili. Lakini maswali ya kuokoa maisha huruhusiwa kutangulia, naye aliyashikilia maswali hayo kwa mikono miwili.

"Sikiza. Ukinijibu, siwezi kukuahidi kitu. Sitaki kukudanganya. Lakini huyu mzee ana sindano mwilini na tumbo tupu tangu asubuhi, na nina watu kumi wanaotafuta upande usio wake. Kila dakika unayonyamaza inatoka kwake."

"Mama, unajua unaniuliza nini?" Sidonie alipaza sauti. "Mutoto wangu alichemuka homa usiku muzima. Nikipigia wakala kusema siji, bananiandika kosa. Bakiniandika mara ya tatu, visa yangu iko mikononi mwao. Nilifanya nini? Nilimutuma dada yangu wa kanisa, na telefoni ya kazi. Alikuwa infirmière, nesi kabisa, kule Bukavu miaka tisa! Anajua kudunga kunipita mie! Lakini yeye hana ruhusa ya kazi. Kesi yake ya ukimbizi inasikilizwa Jumatatu. Bakijua alifanya kazi, nani atamuamini tena?"

Griffins aliyekuwa mlangoni aliinamisha kichwa. Mkewe naye aliwahi kushikiwa zamu na wenzake kwa jina lake, miaka ile ya mwanzo, na huko Tottenham walikokaa ungemtafuta kwa tochi mhudumu asiyewahi kushikiwa zamu na mwenzake. Mgonjwa anahudumiwa, simu inaonyesha jina lile lile, na maisha yanakwenda, hadi siku moja yanapokataa.

"Jina lake," Kulthum alisema.

"Akirudishwa kule ni mimi nimemuua."

"Na huyu?"

Sidonie alilitazama bakuli. Akaificha mikono kwapani.  Kulthum alitamani kumtikisa kwa mabega, na wakati huo huo alimuonea huruma.

"Keren," Sidonie alisema hatimaye. Akatoa simu yake mwenyewe, akaipiga, akaiweka mezani ikiwa na sauti wazi.

Iliita mara nne. Kulthum alihesabu.

"Sidonie? Mutoto anaendelea?"

"Keren, niko na polisi. Usikate! Usikate, kwa jina la Yesu. Muzee amepotea. Alikula?"

Griffins alisogea karibu na simu. Halafu sauti ikarudi, imebadilika, imekuwa sauti ya nesi.

"Nilimuwekea bui mezani. Akasema atakula tukimaliza lile neno. Bus yangu ilikuwa inakuja, nikaandika mu telefoni kwamba amekula, nikaifunika mu micro-ondes nikamuambia, muzee, kula. Akasema ndiyo, ndiyo, akiandika."

"Dada Keren, mimi ni Inspekta Jaffar," Kulthum aliingilia. "Mzee alikuuliza lupango gani?"

"Aliniuliza kama hapa London nimeshaona lupango. Nikacheka. Nikamuambia iko moja tu, ile ya kanisa letu, Tottenham, chini ya njia ya treni. Mabati ya bluu. Pale tunasemaga lupango, mabati na uwanja wake, yote. Akauliza treni gani." Sauti ilikatika. "Mama, nilimuambia treni gani."

Griffins alikuwa tayari kwenye redio, akitoa jina la mtaa, akiita gari la wagonjwa. Alifunika kinywa cha redio. "Gari liko mbali, madam. Dakika kumi na nane."

"Keren, wewe uko mbali gani na kanisa?"

"Dakika tano. Nikikimbia, tatu."

Kulthum alijua anachotaka kuomba na alijua kitamgharimu nani. Aliomba.

"Kimbia. Beba sukari, beba asali kama unayo."

Mlango wa mbali ulisikika ukibamizwa.

Walitoka Tooting kwa king'ora, Griffins usukani, Sidonie nyuma na simu mkononi, Kulthum amegeuza kiti chake nusu ili asikie. Magari yalipisha, mengine yalisita, basi moja lilikataa kabisa na Griffins akalitukana kwa Kijaluo. Kwenye simu palikuwa na pumzi za mtu anayekimbia na ndala zinazopiga lami. Sidonie alikuwa akiomba kwa sauti ndogo, Kiswahili na Kifaransa vikipishana.

"Geti imefungwa," Keren alisema. "Simuoni."

"Zunguka nyuma."

Treni ilipita juu yake na kumeza kila kitu. Walivuka mto bila kusikia neno. Kulthum alijikuta ameshika mkanda wa gari hadi vidole vimekufa ganzi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijiambia wazi kwamba amechelewa.

"Niko naye." Sauti ilirudi kwa kishindo. "Amekaa chini kwa mabati. Bamemupita batu wote, bamefikiri amelewa. Ameloa jasho, baridi hii! Muzee! Muzee Nizar! Fungua macho!"

"Anaweza kumeza?"

"Hapana. Nikimuwekea maji atakabwa. Ninamupaka asali mu fizi." Pumzi. "Muzee, lamba. Lamba, baba. Ni mie."

 Ilipita dakika moja, ikapita nyingine. Griffins alikata kona kwa magurudumu mawili.

"Keren," Kulthum alisema, akachagua maneno yake kama anayekanyaga vigae vya chupa. "Gari la wagonjwa litafika na askari wa huko. Hawakujui. Wakimchukua mzee, hakuna kinachokulazimu…" Hakuimaliza sentensi. Griffins alitazama barabara tu, hakusikia chochote. Hivyo ndivyo angeapa.

 Keren alikuwa akimwita mzee. Kisha ving'ora vikasikika upande wake, na simu ikakatika.

Walipofika Tottenham jua la Januari lilikuwa limeshainama nyuma ya maghorofa ya halmashauri. Gari la wagonjwa lilikuwa bado limesimama kando ya mabati ya bluu, milango wazi, na ndani yake Dakta Nizar alikuwa amelala na mrija mkononi. Mkuu wa wahudumu wa gari hilo, mwanamke mwenye nywele za mvi, aliinua kidole gumba kwa Kulthum kabla hata hajaulizwa. Sukari ilikuwa inapanda. Nusu saa zaidi, alisema, na wangebeba maiti. Sidonie alikaa ukingoni mwa barabara akalia kwa sauti kubwa bila aibu.

Askari wa zamu wa Tottenham alikuja na daftari lake. "Amekutwa na mama mmoja wa hapo kanisani. Sijamwandika bado, nilikuwa naongoza magari."

Mama mmoja alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo, kitenge kiunoni, koti la mtu mwingine mabegani, vidole vya miguu vimepauka ndani ya ndala. Nyuma yake njia ilikuwa nyeupe hadi kituo cha basi. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Basi lilifika, likafungua milango, likaifunga, likaondoka.

Kulthum alimwendea. "Keren?"

"Njo mie, Keren."

"Kwa nini hukuondoka?"

"Niliondoka." Keren alionyesha kwa kidevu. "Nilifika pale kwa taa. Nikamusikia ule wa mvi anauliza: amedungwa unité ngapi, saa ngapi, aina gani? Ule askari anasema hatujui. Anauliza tena. Hakuna mwenye kujua, mama. Banataka kumupa dawa na hakuna mwenye kujua." Alijifunika koti vizuri. "Nikarudi. Nikabaambia, ishirini na mbili, saa mbili na nusu, ni mimi nilimudunga. Bakaniuliza, wewe ni nani kwake? Nikasema, ni mimi mwenye kumuhudumia leo."

Amekwisha kulisema, basi, mbele ya watu watatu, na kamera za gari la wagonjwa hazilali. Kulthum alitoa daftari. Alilifungua, akalitazama, asijue aanzie wapi, na Keren akaona.

"Andika, mama," alisema, meno yakimgongana. "Andika sasa, kabla uoga unirudilie."

Kulthum akaandika.